Sweta, jaketi au shuka? Mavazi ya Dodoma kuanzia Mei hadi Agosti

Anayehamia Dodoma kutoka pwani mwezi wa Novemba hukuta jua kali na barabara za vumbi, akaamini huku ni joto mwaka mzima. Mimi niliamini hivyo. Ofisi yetu ilipofungasha makabrasha kutoka Dar es Salaam, nilikuja na magauni mepesi ya mikono mifupi na sweta moja jekundu la kufumwa, zawadi ya mama mkwe. Asubuhi moja ya mwisho wa Mei nilipanda bodaboda nimelivaa hilo sweta. Nilifika kazini vidole haviwezi kushika kalamu. Saa 7 mchana siku ileile nilikuwa nimelitupia begani, jasho linanitiririka.

Ndivyo Dodoma inavyokuwa mvua zikikatika na kipupwe kikiingia. Usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14, mchana hupanda hadi 26 au 27. Dar es Salaam, miezi hiyohiyo, usiku hausogei sana chini ya 18. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali. Mvua za huku ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Zikiisha, hewa inakauka, mbingu ya usiku inabaki wazi, na joto ambalo ardhi ilinywa mchana linapanda juu bila wingu la kulizuia.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni mapema. Kwa kuwa tuko magharibi ya Dar, jua hutufikia kama robo saa baadaye. Katikati ya Julai huchomoza karibu saa 1 kasoro dakika 10. Baridi nayo huwa kali kuliko wakati wote wa siku pale jua linapokaribia kuchomoza. Kwa hiyo mtu anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi anatoka gizani, katika saa mbaya kuliko zote.

Halafu upepo. Miezi hiyo kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na ardhi ya huku ni tambarare kavu yenye miti michache, hakuna cha kuupunguza. Nyuzi 14 ndani ya chumba kilichofungwa ni za kuvumilika kabisa. Nyuzi 14 juu ya pikipiki ni habari nyingine, maana upepo unakuondolea ile hewa ya uvuguvugu ambayo mwili umeitengeneza kuzunguka ngozi, na mwili unaanza upya kila sekunde. Ndiyo maana nimeamua kuipima nguo ya Dodoma kwa vitu viwili: inazuia upepo kiasi gani, na inavulika kwa wepesi gani jua likishapanda. Unene wake nauweka nafasi ya tatu, ingawa wengi wetu sokoni tunaanza nao.

Sweta la kufumwa na jaketi la upepo

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, nami nitakaa hapa kidogo.

Sweta ni nguo ya kutunza joto. Nyuzi zake zimeachana, hewa inakaa katikati yake, na hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto, wala si uzi wenyewe. Ukiwa ofisini, darasani au sebuleni jioni, sweta halina mpinzani. Lakini matundu yaleyale yanayotunza hewa ndiyo yanayopitisha upepo. Ukikaa kwenye pikipiki, au ukisimama kituoni pasipo ukuta, ile hewa ya joto inapeperushwa yote na wewe unabaki umevaa wavu.

Jaketi la upepo ni lile jepesi la nailoni au polista, zipu mbele, lasitiki mikononi na kiunoni. Peke yake halina joto la kujivunia. Kaa nalo barazani saa 4 usiku, utaona linavyokuangusha. Kazi yake ni kufunga mlango: joto la mwili lililoko ndani lisitoke, upepo ulioko nje usiingie. Likivaliwa juu ya fulana ya mikono mirefu tu, kwenye pikipiki linashinda sweta nene mara mbili yake.

Walionifundisha hili ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha kwetu Nkuhungu. Niliwaona wanavaa majaketi yao kinyume, mgongo wa jaketi kifuani, zipu mgongoni. Nikamuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu, “Dada, upepo unaingilia kwenye zipu. Ukiigeuza nyuma, haupati njia.” Tangu siku hiyo, nikinunua jaketi natazama kwanza kama zipu ina ulimi wa kitambaa unaoifunika kwa ndani au kwa nje. Lenye ulimi huo halihitaji kugeuzwa.

Kujua kama kitambaa kinazuia upepo ni rahisi, na muuzaji hawezi kukudanganya. Kiinue kuelekea jua. Ukiona vitundu vya mwanga, upepo utapita humohumo. Kisha kibane mdomoni upulize huku mkono uko upande wa pili. Ukisikia pumzi yako kiganjani, rudisha.

Jaketi la nailoni lina ubaya wake, na mwenye kulisifia bila kuutaja hakutendei haki. Halitoi jasho. Ukichelewa kulivua, kufikia saa 4 asubuhi fulana ya ndani imelowa, na nguo iliyolowa hukuongezea baridi. Kwa hiyo ndani yake mimi huvaa pamba. Najua wako wanaosema pamba hunywa jasho ikachelewa kukauka, na pwani wana hoja. Hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba fulana ya pamba inakauka mwilini kabla ya chai ya saa 4, ilimradi jaketi limevuliwa.

Sasa uchague lipi, kama mfuko unaruhusu moja tu? Kama unapanda bodaboda au bajaji ya wazi, au unatembea zaidi ya dakika kumi kufika kituoni, nunua jaketi. Kama una gari, au ofisi iko jirani, au wewe ni mtu wa kukaa ndani muda mrefu, nunua sweta, na liwe la vifungo au zipu mbele. Sweta la kuvaa kwa kichwa linachosha: kila ukivua unavuruga nywele, hijabu na kola ya shati, mwishowe unaamua kulivumilia na jasho lake.

Wanaokwenda Mji wa Serikali Mtumba wako katikati. Ni kama kilometa 17 kutoka mjini, na daladala ya asubuhi iliyojaa ni ya joto kuliko unavyodhani. Taabu inaanza ukishuka, maana kule majengo yameachana, kuna nafasi pana na upepo unakimbia humo utakavyo. Kwao nasema vyote viwili, lakini vyepesi: sweta jembamba la vifungo ndani, jaketi juu. Nguo mbili nyembamba zinakupa ngazi za kushuka. Jaketi unalivua ukiingia getini, sweta unalivua saa 5. Nguo moja nene ina hali mbili tu, kuivaa au kuibeba.

Geti lenyewe nalo lina maoni yake. Zile picha za mavazi yasiyoruhusiwa zilizobandikwa milangoni mwa ofisi za umma haziongelei baridi. Jaketi la michezo lenye maandishi makubwa mgongoni halikuheshimishi mbele ya mgeni wa ofisi, hata kama limekufikisha salama. Hapo wepesi wa nailoni unasaidia, inakunjika hadi kuwa kama ngumi na kuingia mkobani, wakati sweta la vifungo linabaki mabegani kwenye kikao bila kumkera mtu.

Wanaume wa ofisini wengi wana suluhisho kabatini na hawalihesabu: koti la suti. Lenye bitana kamili, mpaka mikononi, linazuia upepo kuliko sweta na linaonekana rasmi kuliko jaketi. Lenye bitana nusu, ya mabegani tu, ni la Dar. Wanaokuja kwa vikao vya Bunge la Bajeti, vinavyoanza Aprili na kwenda hadi Juni, hugundua tofauti hiyo katikati ya kikao: walifika hali ya hewa ikiwa ya kupendeza, wanaondoka wanatetemeka.

Shuka, khanga na mtandio

Jirani yangu ni mzee wa Kigogo. Nikimwamkia “Mbukwenyi” alfajiri, ananijibu akiwa amejifunika shuka zito lililokunjwa mara mbili, anaelekea kuwatazama ng'ombe wake. Kwa miaka kadhaa nilidhani anavaa hivyo kwa mazoea tu. Nilipoanza kutazama vizuri, niliona ule mkunjo unahama: upepo ukija kutoka kushoto, tabaka mbili ziko kushoto, akigeuka, analizungusha. Saa 5 limekuwa kivuli kichwani. Saa 8 amelikalia. Hakuna jaketi linalofanya kazi zote hizo, na halina zipu ya kuharibika.

Kwa anayetembea kwa miguu, anayeketi barazani, au anayelala kwenye basi la usiku, shuka nalipendekeza kuliko koti lolote. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni pia: khanga ya kubebea, kisha shuka juu ya wote wawili, uso wa mtoto ukiachwa wazi. Joto la mama na la mtoto linakuwa moja.

Lakini kwenye bodaboda, shuka lisipande. Ncha ya kitambaa ikinaswa na mnyororo au tairi la nyuma, inakuvuta wewe nayo. Hilo ni pamoja na khanga ya kujitanda na mtandio mrefu unaopepea. Nimeona mwanamke akianguka kwa mtandio barabarani, akanusurika kwa sababu dereva alikuwa ndiyo kwanza anaondoka. Mtandio uzungushe shingoni, ncha zote uziingize ndani ya jaketi na zipu ipande juu yake. Ukivaliwa hivyo ni kitu bora ambacho mtu anaweza kukinunua kwa bei ndogo Dodoma: unaziba pale kwenye kola ambapo jaketi huachia upepo, na ukiuvuta juu unakinga pua na vumbi. Midomo nayo itakushukuru, maana kwa hewa hii hupasuka hadi kutoka damu, na mafuta ya mgando pekee hayatoshi upepo ukiwa unakupiga usoni.

Koti zito na hudi

Makoti mazito ya mtumba, yale marefu ya sufu yaliyotoka nchi za theluji, hushawishi kwa bei. Nilinunua moja mwaka wangu wa kwanza. Nililivaa mara nne. Hapa linafaa kwa muda wa saa mbili tu alfajiri, kisha ni mzigo wa kilo kadhaa mkononi hadi jioni, na linanyonya vumbi kama zulia. Sasa liko kwa mdogo wangu Makambako, na huko lina kazi kila asubuhi ya Juni. Kama safari zako ni za Njombe, Makete au Mbeya, linunue bila kusita. Kwa kukaa Dodoma, hapana.

Hudi ni nguo ya wanafunzi, na ukipita Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) jioni ya Julai utadhani ni sare. Iko kati ya sweta na jaketi, ikiegemea upande wa sweta: ina joto, kofia yake inafunika masikio, lakini upepo mkali inaupitisha. Kwa maktaba na bweni inatosha kabisa. Chagua yenye zipu.

Kizibao chenye pamba ndani nakipenda kwa mtu wa kazi za mikono, fundi, muuza chakula, mwenye genge. Kifua na mgongo viko salama, mikono iko huru.

Mtumba, dukani au kwa fundi

Kwa jaketi la upepo, mtumba unashinda. Majaketi hayo yameshonwa kwa watu wenye upepo na baridi kuliko sisi, zipu zao ni ngumu, mishono imerudiwa. Kwenye soko la Sabasaba na soko la wazi la Machinga yanapatikana kwa wingi, ila yataka macho. Vuta zipu mara tatu, kupanda na kushuka. Geuza makwapa utazame mshono. Nyoosha lasitiki ya mkono uone kama inarudi. Kisha ligeuze lote ndani nje, maana majaketi mengi yana kipako ambacho kwa uzee hubanduka vipandevipande kama ngozi ya nyoka. Kikianza kubanduka, hakuna dawa, na hata ukipunguziwa bei liache.

Mwezi wa kununua una maana kuliko soko la kununulia. Machi na Aprili belo likifunguliwa, watu wanakimbilia nguo nyepesi, majaketi yanabaki chini na muuzaji anataka yaondoke. Mama mmoja ninayenunua kwake Sabasaba huniambia, “Mwanangu, njoo kabla baridi haijaja, ikija na mimi napandisha.” Anasema kweli. Jaketi nililolipata kwake Aprili kwa shilingi 7,000, mwenzangu alilipia karibu mara mbili mwezi wa Juni, na zipu yake ilikuwa mbovu kuliko ya kwangu.

Sweta, kwa upande mwingine, nanunua dukani nikiweza. Sweta la mtumba lililofuliwa sana limelegea, matundu yamepanuka, na joto limepungua pamoja nayo. La dukani mara nyingi ni la uzi wa akriliki, halina uvumilivu wa sufu, lakini likiwa jipya limebana vizuri na linatosha kwa misimu miwili au mitatu.

Na kwa fundi? Hapa nina upendeleo, nausema wazi. Koti la kitenge lililotiwa bitana ndiyo nguo ninayoivaa kuliko zote kuanzia Mei hadi Agosti. Fundi wangu wa Majengo alinielekeza nichukue kitenge kizito, kisha bitana ya satini. Satini imefumwa kwa kubana, kwa hiyo inazuia upepo, na koti linateleza juu ya gauni bila kuling'ang'ania mikononi. Linakaa mwilini kwa vipimo vyako, linapita geti lolote, na kwenye harusi ya Jumamosi huna haja ya kubadilisha. Gharama yake ni kubwa kuliko mtumba, na fundi atakuzungusha wiki moja au mbili, hivyo mpelekee kitambaa Aprili. Mwombe akuwekee mkono mrefu unaofika kwenye kifundo, na kola ya kusimama.

Watoto wa shule

Shule nyingi zinataka sweta la sare na hazipokei jaketi la rangi nyingine. Mtoto anatembea saa 12 na nusu asubuhi, sweta linapitisha upepo. Tofauti inaletwa na kinachovaliwa ndani: fulana ya pamba ya mikono mirefu inayobana mwili, chini ya shati. Haionekani, haikiuki sare. Soksi ndefu za kupanda hadi magotini nazo zina faida kubwa kwa wanaovaa kaptula na sketi. Sweta usinunue kubwa ili “akue nalo”. Likipwaya, upepo unaingilia chini na kutokea shingoni.

Viatu sina mengi ya kusema. Raba au viatu vya kufunika, na soksi, mpaka saa 4. Sendo na ndala zinaweza kusubiri mchana. Rangi: nyeusi inaonyesha vumbi letu kutoka mbali, kijivu na kaki zinavumilia. Aprili mvua za mwisho zinapokuja na upepo, mwamvuli hugeuka juu chini, kwa hiyo koti la mvua. Nguo nzito fua asubuhi mapema uanike kabla upepo haujapata nguvu, zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Hewa hii itazikausha kufikia mchana, na ukizisahau hadi jioni utazianua na vumbi jipya.

Mgeni wa siku mbili

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nawapokea ndugu wengi wanaopanda jioni wakiwa na mikono mifupi na kushuka usiku wakiwa wamejikunyata. Huyo hahitaji kununua chochote. Achukue koti la suti kama analo, au sweta la vifungo, na mtandio mmoja mzito. Avivae ndani ya behewa kabla treni haijasimama, mwili ungali na joto, kwa sababu ukisubiri mpaka upepo wa nje ukupige, unavaa sweta juu ya baridi. Na kutoka stesheni achukue bajaji yenye turubai au teksi. Bodaboda aiache kwa ajili ya mchana.